Vibao vya Watu Wawili

Kurasa za ripoti ya shule zilikuwa kumi na nne. Mimi nilizisoma zote kwa siku mbili, kamusi pembeni, kwa sababu Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe na hakuna aliyenipa cheti chake. Binti yangu Clarisse alizipitia kwa dakika tano, amesimama, bado kavaa sare ya hoteli. Alipofika chini kwenye mstari wa saini akaanza kupekua droo ya jikoni.

“Baba, kalamu iko wapi?”

“Ya nini?”

“Wanasema Ella watamtoa darasani kwake, wamweke kwenye darasa la watoto wachache. Mwalimu anakaa karibu na mtoto. Kikao ni Alhamisi ijayo, lakini tukisaini mapema yanaisha. Ubaya uko wapi?”

“Ubaya uko ukurasa wa tisa.”

“Baba, nimechoka.”

“Basi kaa, nikusomee.”

Nikamsomea huku natafsiri. Mtoto alionyeshwa maumbo matatu yaliyojengwa kwa vibao vya sumaku, akaombwa ajenge yanayofanana nayo. Hakujenga hata moja. Alipanga vibao mezani, bapa, akaviacha hivyo, akaweka mikono mapajani. Alipohimizwa hakuendelea. Haonyeshi dalili ya kuelewa kwamba umbo lina kimo.

“Kimo!” nikamwambia Clarisse. “Ella! Hapa kwenye zulia hili! Wewe mwenyewe hujajikwaa kwenye piramidi zake?”

“Nimejikwaa.”

“Sasa?”

“Sasa labda shuleni ni tofauti. Baba, wale wamesomea mambo hayo.”

Mjukuu wangu Ella ana miaka sita. Vibao hivyo vya plastiki, vyenye rangi kama peremende na sumaku ndogo ukingoni, amevichezea tangu ana miaka mitatu. Nimemwona akijenga jumba la orofa tatu na kuniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba orofa ya juu ni ya bibi aliyekufa, kwa sababu bibi alipenda kuona mbali. Halafu mtu amekaa naye dakika ishirini na kuandika kwamba haoni kimo.

Mtaniambia ni karatasi tu. Mimi naijua karatasi. Mwaka 1997, kambini kule mkoa wa Kigoma, alikuja mwanamke mwenye jalada la bluu kupima watoto wa kuanza shule. Mdogo wangu Nestor, kitinda mimba wa mama, alikuwa na miaka tisa. Akaonyeshwa picha ya ng’ombe. “Hii nini?” Nestor akanyamaza. Kwetu mtoto hamjibu mtu mzima asiyemfahamu mpaka mkubwa wake amruhusu ajibu, na mkubwa wake nilikuwa mimi, na mimi nilizuiwa nyuma ya kamba pamoja na wazazi wa watoto wengine. Nilimwona akigeuza shingo kunitafuta. Mwanamke akaandika neno moja: hafundishiki. Nestor akapangwa kwenye kundi la kubeba maji ya walimu. Mwaka uliofuata mwanamke mwingine akaja, akafungua jalada lilelile, akasoma neno lilelile, hata picha hakumwonyesha. Na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Leo Nestor yuko Rumonge anatengeneza simu zilizokufa, na watu wanamletea kutoka Bujumbura. Jina lake hawezi kuliandika.

Sare ya yule mwanamke ilikuwa na kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Cha kahawia. Mambo hayo siyasahau.

“Tusianze habari za kambi,” Clarisse akasema. Alizaliwa huko na hapendi kuisikia. “Na Alhamisi naomba uniache niende peke yangu.”

“Kwa nini?”

“Unajua kwa nini. Utapiga kelele.”

Nilijua. Hapa Mesquite, mji tulioletwa kutoka kambini, nilifanya kazi miaka minane kwenye ghala moja la vitu vya kuchezea watoto, meza ya mizigo iliyorudishwa. Mtu amenunua seti ya vibao vya sumaku, hakuipenda, ameirudisha. Kazi yetu ni kuhakikisha imekamilika na sumaku zote zinashika. Tulikuwa na namna yetu. Unavipanga bapa juu ya meza kama msalaba, kibao kimoja katikati na vinne pembeni, kisha unashika kile cha katikati na kukiinua. Kama sumaku ni nzima, vile vinne vinaning’inia, vinavutana ukingo kwa ukingo, na kisanduku kinasimama chenyewe. Ukisikia tak, seti inarudi dukani. Usiposikia, inatupwa kwenye pipa la mbovu.

Mwezi wa saba, miaka miwili iliyopita, feni za upande wetu ziliharibika na hakuna aliyeshughulika. Siku ya nne Fébronie, mama wa kwetu, mtu wa Makamba, alianguka kwenye sakafu. Msimamizi akasema apumzike dakika kumi arudi mezani. Mimi nikaweka kisu changu cha kukatia maboksi juu ya mkanda wa kupitishia mizigo. Nikawaambia wenzangu, kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa kile Kispanyola changu cha mkate na maji: hakuna anayeinua kitu peke yake leo. Tukiacha, tunaacha wote. Watu arobaini na mmoja waliweka visu vyao chini. Dakika arobaini ghala lilikuwa kimya hata unasikia taa. Kesho yake feni zikaja. Wiki ya tatu kadi yangu ikakataa kufungua mlango, yangu peke yangu, na miezi mitano nyumba hii ikala kwa mikono ya Clarisse.

Fébronie mwenyewe bado anafanya kazi pale. Kila nikikutana naye baada ya misa ananiuliza, “Mwenyekiti, vipi, tugome hata kwa padri?” Watu wanacheka. Nami nacheka, ila siyo sana.

Basi ndiyo hali. Clarisse aliogopa kwamba mdomo wangu utamharibia mtoto kama ulivyoniharibia kazi. Mimi niliogopa karatasi.

Jumamosi tulikwenda Houston. Jimmy, mume wa Clarisse, anafanya kazi kiwandani kule na anaishi na wenzake wawili mtaa wa Alief. Huja kwetu mwisho wa mwezi. Safari hii tulimfuata sisi, mwendo wa saa nne barabarani, kwa sababu Jimmy alikuwa amempata mtu wa kutushauri. Siku za mapumziko yeye humkatia majani nesi mmoja Mkenya, mtu wa Meru, anaitwa Gakii, mwenye nyumba yake Missouri City, pembezoni mwa Houston. Kijana wake wa kwanza aliwahi kuitiwa kikao kama hiki chetu.

Gakii alitufungulia mlango akiwa amevaa kandambili na sare ya hospitali.

“Karibuni, karibuni. Na huyu ndio yule mzee alisimamisha warehouse?”

“Jimmy anasema sana,” nikamjibu.

“Ah, si Jimmy. Hiyo story ilifika huku yenyewe. Mzee, keti hapo kwa kiti kizuri. Hapa kwangu usigome mpaka ukule.”

Akatuwekea chapati na kuku, akavaa miwani, akasoma zile kurasa zote kumi na nne. Jimmy alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti, kama anavyokaa siku zote nikiwepo mimi. Tangu amuoe binti yangu sijawahi kumwona ameegemea.

“Sikieni,” Gakii akasema mwishowe. “Usi-sign kitu, mamake Ella. Ukienda kwa mkutano ukatae, sheria iko, watakupa siku kumi za shule mrudi tena. Na unaweza uliza wa-repeat hiyo sehemu. Lakini lazima uwaambie sababu. Ukisema tu ‘mtoto wangu ako sawa’, hiyo kila mzazi anasema. Hata mimi nilisema.”

“Na ilisaidia?” Clarisse akauliza.

“Wapi! Hii hapa karibu kila kitu ako average. Maneno amekosa kidogo, hiyo ni lugha. Ile imemwangusha ni hii ya shapes. Kwa nini hakujenga?”

Hapo ndipo nilipogeuza shingo. Ella alikuwa nyuma yetu kwenye zulia na binti wa Gakii, Kanana, wa miaka saba. Kanana alikuwa na vibao vya sumaku, seti kubwa, mpya. Kila mtoto amejikatia sehemu yake. Ella alikuwa amepanga msalaba wake vizuri kabisa, kibao chekundu katikati, vinne vya bluu pembeni, umenyooka kama uliopimwa kwa rula. Na alikuwa ameweka mikono mapajani. Anamtazama Kanana.

“What?” Kanana akamuuliza.

 Ella alisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.

Kanana akadhani mwenzake ameshindwa. Akanyoosha mkono mmoja, mmoja tu, akashika kile chekundu kwa vidole viwili na kukivuta juu. Tak. Kisanduku kikasimama. Kanana akarudi kwenye vyake.

Nilimwona mjukuu wangu anavyokitazama kile kisanduku. Alitazama kama mtu aliyeona maji yanapanda mlima. Akakibomoa, akakipanga tena bapa, akamsubiri tena Kanana. Kanana akasema hana nafasi.

Nikaelewa. 

Vibao vya Ella vilitoka kwenye pipa la mbovu. Ghala liliruhusu tuvichukue nyumbani, nami nilivikusanya kidogo kidogo, mfuko mzima, wakati bado kadi yangu inafungua mlango. Sumaku zake zilikuwa zimekufa nusu. Ukiinua cha katikati, vile vinne vinaning’inia kama nguo kwenye kamba, havishikani. Lazima awepo mtu wa pili wa kukusanya kuta kwa viganja, azibane taratibu mpaka sumaku zikubali. Kwa hiyo nilimfundisha hivyo. Ella anapanga, Ella anainua, mimi nabana. Nilimkataza kuinua peke yake, kwa sababu vikidondoka vinapasuka kona. Tena sikumkataza kwa sababu ya kona tu. Nilipenda kumwambia, huku nimepiga magoti mbele yake, maneno yaleyale niliyowaambia watu arobaini na mmoja: hakuna anayeinua kitu peke yake. Kama niko jikoni, anapanga, anaweka mikono mapajani, ananingoja. Mara nyingine wali unaiva mpaka unakauka, bado ananingoja.

Na kule shuleni alimngoja yule mpimaji.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema pale kwa Gakii, kwa sababu Jimmy alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Mwezi wa kumi na mbili uliopita, siku ya kuzaliwa ya Ella, Jimmy alimletea seti mpya. Boksi kubwa, bado na karatasi yake ya kung’aa. Nikalitazama pembeni, nikaona jina la kampuni, ni ileile ambayo mizigo yake inapita kwenye lile ghala. Nikalichukua mikononi mwa mtoto, nikaliweka juu ya kabati la jikoni. Nikasema katika nyumba hii hakuna atakayefungua kitu cha watu wale. Ella alilia. Jimmy alitazama sakafu. “Sawa, Baba mkwe,” akasema. Angefanya nini? Mkwe hajibizani na baba wa mke wake, na mimi nilijua hatajibu.

Miezi tisa lile boksi lilikaa juu ya kabati.

Kurudi, Clarisse aliendesha. Ella alilala nyuma. Tulipita Huntsville, tukapita Corsicana, mimi kimya.

“Baba, unaumwa?”

“Hapana.”

“Kwa muda wa saa tatu hujamlaumu mtu hata mmoja. Hata gavana. Naogopa.”

Nikamwambia. Nilimweleza yote, vibao vya pipa, kubana kuta, na yule mtoto wa Gakii alivyoinua kwa vidole viwili. Nilipofika kwenye boksi la juu ya kabati akawasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akaegesha kwenye kituo cha mafuta. Alishika usukani kwa mikono yote miwili ijapokuwa gari limesimama.

“Kwa hiyo mtoto wangu wanamwandika mjinga,” akasema, “kwa sababu wewe ulikuwa unapigana na boksi.”

“Clarisse.”

“Wao hawakujua umegoma, Baba. Kampuni haikujua. Aliyejua ni Ella tu.”

Nimetukanwa na wasimamizi, na askari wa kambi, na mkuu wa ghala mbele ya watu. Hakuna lililoingia kama hilo, kwa sababu lilisemwa kwa sauti ya chini na lilikuwa kweli.

Jumapili baada ya misa nilipanda kiti, nikalishusha boksi. Lilikuwa na mafuta ya jikoni na vumbi juu yake. Nikalifuta, nikampa Ella alifungue mwenyewe.

“Really, Babu?”

“Fungua.”

Akafungua. Akapanga msalaba wake, cha manjano katikati. Akaweka mikono mapajani, akanitazama.

“Hivi ni vipya,” nikamwambia. “Vina nguvu. Inua mwenyewe.”

“Upande wako, Babu.”

“Hivi havina upande wangu. Inua.”

Hakuinua. Nikaweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia, ili isiniponyoke. Tukatazamana. Dakika ikapita, labda mbili. 

“Are you mad at me?” akauliza. Kisha akaona kama sijasikia, akauliza kwa Kiswahili, polepole: “Babu, unanikasirikia?”

Kwani kwake mkono wangu ukikosekana maana yake ni nini kingine? Toka anajua kukaa, mkono huo umekuwepo. Siku pekee usipokuwepo ni siku nimekasirika. Nikaitoa mikono chini ya mapaja, nikaiweka upande wangu. Akainua. Tak, kabla hata sijagusa. Lakini alicheka kwa sababu nilikuwa nimeiweka.

Jumatatu ikawa hivyohivyo. Jumanne na Jumatano pia. Mimi niliyefundisha watu wazima kuweka visu chini, sikuweza kumfundisha mtoto mmoja kunyanyua kibao.

Alhamisi asubuhi Clarisse aliniruhusu kwenda, kwa sharti. Nilimwapia kwa jina la mama yake kwamba sitafungua mdomo.

Chumba kilikuwa na meza ya duara, na viti vya kawaida vimechanganyika na vya watoto. Mimi nikapata cha mtoto. Alikuwepo mwalimu wa Ella, msaidizi wa mkuu wa shule, na yule mpimaji. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilitegemea jalada la bluu na kifungo cha kahawia. Nikakuta msichana, umri wa Clarisse, mwenye mafua, anapenga kamasi na kuomba radhi kila mara. Alimsalimia Ella kwa jina. Hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mtu mbaya najua namna ya kupambana naye.

Msaidizi wa mkuu akasukuma karatasi mbele ya Clarisse, kalamu juu yake.

“Sitasaini,” Clarisse akasema.  Akaeleza kwa Kiingereza chake cha hotelini, kilichozoea kuomba msamaha, safari hii bila kuomba msamaha. Nyumbani vibao vyetu ni vibovu, akasema. Lazima watu wawili. Mtoto hakushindwa, alikuwa anakungoja wewe.

“Ananingoja mimi?” mpimaji akauliza.

“Uweke mkono.”

Mpimaji akageukia Ella, akageukia kurasa zake. Alifungua ule wa tisa, akausoma kama ulioandikwa na mtu mwingine. Akasema sheria za kipimo zinataka mtoto ajenge peke yake, na kwamba leo hawezi kuandika alama yoyote, maana hiki ni kikao. Lakini akapenga kamasi, akafungua mkoba wake, akatoa vibao vitano.

“Ella, unaweza kunionyesha?”

Ella akapanga. Kimoja katikati, vinne pembeni. Mikono mapajani. Akamtazama mpimaji. Mpimaji hakusogea, hakuruhusiwa kusogea. Ella akamtazama mama yake. Clarisse alikuwa ameuma mdomo wa chini. Ndipo akageuza shingo, akanitafuta mimi.

Mnajua nilimwona nani.

Safari hii sikuwa nyuma ya kamba. Nilikuwa hatua moja kutoka mezani, mikono yangu huru. Ningeinuka, niweke viganja upande wangu, na kisanduku kingesimama, na Ella angecheka, na wao wangeandika kwamba babu amemjengea. Au ningebaki nimekaa, na yeye angejua nimemkasirikia mbele ya wageni. Nilitafuta la tatu. Miaka yote hii nimewaambia watu pasipo mikono ya wenzao wasiinue, na niliamini, na bado naamini, na mbele yangu kulikuwa na mtoto aliyeniamini kuliko wote.

Nikavunja kiapo changu. Nikafungua mdomo.

“Ella,” nikasema kwa Kiswahili, “sikukasirikii.”

Akaendelea kunitazama.

“Sikukasirikii hata kidogo. Hivi vya huyu mama vina nguvu kama vya Kanana. Babu yuko hapa hapa. Inua wewe.”

 Kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena, akashika kile cha katikati kwa vidole viwili, akafumba macho, akainua.

Tak.

Hakucheka. Alifumbua macho, akakiona kisanduku kimesimama, akatazama mkono wake. Kisha, kabla mtu hajasema lolote, akakisogeza pembeni, akachukua pembetatu nne na mraba mmoja kutoka kwenye mkoba wa mpimaji bila kuomba, akazipanga bapa kama nyota, akazikunja zote kwenda juu, moja moja, haraka, piramidi. Halafu akaiweka juu ya kile kisanduku. Nyumba yenye paa. Alifanya yote hayo bila kumtazama mtu.

Mpimaji aliandika kitu.

“Umeandika nini?” nikamuuliza kwa Kiingereza. Clarisse akanikanyaga mguu chini ya meza.

“Nilichokiona,” akasema.

“Andika pia kwamba alingoja,” Clarisse akasema. “Kwamba kungoja si kutoelewa. Andika hivyo, mimi nasubiri.” Na akakaa, mikono juu ya meza, akasubiri kweli. Msaidizi wa mkuu alitazama saa. Clarisse hakuitazama. Mtu yule aliyekuwa anatafuta kalamu kwenye droo ya jikoni! Mpimaji akaandika, akamgeuzia karatasi aisome, Clarisse akaisoma mpaka mwisho, safari hii amekaa.

Hawakumhamisha. Walikubaliana baada ya siku kumi kipimo kile kirudiwe, na mtu mwingine. Kikarudiwa. Sisi tulikaa korido, mlango umefungwa, sikusikia kitu. Ella alijenga yote matatu na amebaki darasani kwake. Ukurasa wa tisa haukutolewa. Wameongeza mwingine nyuma yake, na nimeomba nakala za zote mbili, ninazo. Siku mtu atakapofungua jalada hilo na kusoma wa kwanza bila wa pili, nitakuwepo, na siku hiyo Clarisse hatanikanyaga mguu. Amesema mwenyewe.

Jimmy nilimpigia simu jioni ile ya kikao. Nilimwambia zawadi yake ni nzuri na kwamba nilikosea kuiweka kule juu. 

“Sawa, Baba mkwe,” akasema.

Mwisho wa mwezi alipokuja, aliegemea.

Lakini nilitaka kusema habari ya gari. Kutoka kikaoni, bado tuko kwenye maegesho ya shule, Ella aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini siku hizi nakalia mikono yangu.  Nikamwambia ilikuwa baridi. Mesquite, mwezi wa tisa, joto la kuyeyusha lami.

Siku iliyofuata nilichukua mfuko nikusanye vile vibao vya pipa, nikavitupe. Nilikwishajaza nusu aliponikuta. Hakulia. Akanyang’anya mfuko, akaenda nao chumbani, akarudi na makopo mawili ya plastiki yaliyokuwa ya maziwa ya unga. La kwanza akatia vile vipya vya Jimmy. La pili akatia vibovu, akavihesabu kona zilizopasuka, akafunga kifuniko.

“Hivi ni vyangu,” akasema, akigonga kopo la kwanza. Akagonga la pili. “Hivi vinataka watu wawili.”

Hucheza zaidi na vile vyake sasa, chumbani, mlango umefungwa nusu. Nikiwa jikoni namsikia. Tak. Tak. Anajenga haraka na hanihitaji, na ndivyo nilivyoomba iwe. Kopo la pili liko sebuleni, chini ya televisheni. Jana lilikuwa na vumbi juu ya kifuniko. Nikalifuta, nikalifungua, nikapanga msalaba kwenye zulia, kile chekundu chenye ufa katikati, nikaweka mikono mapajani, na wali nikauacha jikoni unaiva.